Kulipokea gari jipya Göteborg na kutembea nalo: mwongozo kamili kwa wenye pasipoti za nyumbani

Wengi wetu tunaoishi Marekani tumeusikia mpango huu. Unanunua Volvo kwenye yadi ya mtaani kwako, unapanda ndege hadi Göteborg, Sweden, unakabidhiwa gari kule kule linakoundwa, unazunguka nalo likizo nzima, kisha unaliacha bandarini nalo linakufuata kwa meli. Maelezo ya Kiingereza kuhusu mpango huu ni mengi mno. Tatizo lake ni kwamba yameandikwa na watu ambao mpakani wanaonyesha pasipoti ya Marekani na kupita, hivyo jambo moja linaloweza kuivunja safari yako yote hawaligusi. Jambo hilo ni viza.

Mimi nilikwenda na pasipoti ya Tanzania na kadi ya kijani. Mke wangu ni raia wa Marekani. Gari lilikuwa moja, ndege moja, hoteli moja, lakini maandalizi yake yeye yaliisha jioni moja na yangu yakachukua miezi minne. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa kufuata kalenda ya pasipoti. Tarehe ya kupokea gari inaweza kusogezwa wiki mbili na hakuna atakayeumia. Viza ikichelewa, hakuna wa kumlalamikia.

Jua kwanza unanunua nini

Gari utakalolichukua Sweden ni gari la Marekani tangu lilipoagizwa. Limeundwa kwa vipimo vya Marekani, usukani kushoto, na bei, mkopo na kodi ya mauzo ya jimbo lako vyote vinapitia yadi uliyonunulia. Sweden ni mahali pa kulipokea tu. Ndiyo maana hulipi VAT ya kule, ambayo ni 25%: gari limehesabiwa kuwa ni mali inayotoka nje.

Zamani kampuni kadhaa za Ulaya zilikuwa na mpango wa aina hii kwa wanunuzi wa Marekani. BMW ilikuwa nao mjini München kwa miaka mingi, ikaufunga mwaka 2020. Volvo ndiyo iliyoendelea nao, na kwa mtu anayeanza naiona ndiyo rahisi kuliko zote, kwa sababu Göteborg ni mji mdogo kiasi na barabara zake hazitishi.

Si kila Volvo inafaa. Magari kama XC60, XC90 na V60 yamekuwa yakiundwa kiwanda cha Torslanda, pembeni mwa Göteborg. Volvo ina kiwanda kingine Charleston, South Carolina, na gari linalotoka huko huwezi kwenda kulipokea Sweden. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: hili ninalolitaka linaundwa wapi? Usishangae akikuomba muda aulizie. Wauzaji wengi hawajawahi kuuza gari kwa njia hii hata mara moja, na ukimwona anababaika omba uunganishwe na mwenzake aliyewahi kuifanya.

Kifurushi cha kawaida kimekuwa na tiketi mbili za ndege za kwenda na kurudi, usiku mmoja hotelini Göteborg, usajili wa muda, bima ya siku 15, na nauli ya meli ya gari. Masharti haya hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo usiridhike na maneno ya mdomo. Mwambie akuandikie kila kilichomo na kila ambacho hakimo. Muulize pia kama bei aliyokutajia imeshajumlisha ushuru wa forodha. Magari kutoka Umoja wa Ulaya yalikuwa yakitozwa 2.5% kuingia Marekani kabla ya Aprili 2025. Tangu Agosti mwaka huo makubaliano yaliuweka ushuru huo kwenye 15%. Tofauti hiyo kwa gari la dola elfu 60 si ya kugundua siku ya kusaini.

Kuna jambo la mkopo ambalo wengi huligundua limeshatokea. Gari lazima liwe limelipiwa lote kabla hujakabidhiwa, ama kwa fedha zako ama za benki. Benki ikishatoa fedha, saa yake inaanza kuhesabu. Utalipa marejesho ya mwezi wa kwanza, pengine na wa pili, huku gari liko baharini na wewe unakwenda kazini na gari lako la zamani. Kwa hiyo usiliuze la zamani mapema.

Nimeulizwa mara nyingi na ndugu walioko nyumbani: kwa nini usilipakie Göteborg likaenda moja kwa moja Mombasa au Dar? Bei uliyolipa imesimama juu ya sharti kwamba gari linakwenda Marekani. Tena usukani uko kushoto, na Kenya haisajili magari ya aina hiyo isipokuwa kwa kazi maalumu. Ndugu zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi wanaendesha kulia, kwa hiyo usukani kwao si kikwazo, lakini la kwanza linabaki pale pale.

Viza: anza hapa kabla hujasaini chochote

Kadi ya kijani ya Marekani haikupi ruhusa ya kuingia Ulaya. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Rwanda au Burundi anahitaji viza ya Schengen (eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), hata kama ameishi Marekani miaka ishirini. Raia wa Marekani anaingia bila viza kwa siku 90 ndani ya kila siku 180.

Unaomba ukiwa Marekani, kwa sababu ndiko unakoishi kihalali. Hulazimiki kurudi nyumbani. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, kwa nchi utakayoingilia. Hili lina maana kwenye mpango wako. Ukilala Sweden siku tatu na Norway siku sita, viza yako ni ya kuombwa kwa Norway, ingawa gari liko Göteborg. Mimi niliipanga safari makusudi Sweden iwe na siku nyingi, ili barua ya gari na fomu ya viza zisimulie hadithi moja.

Dirisha la kuomba linafunguka miezi sita kabla ya safari na kufungwa siku 15 kabla. Majibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini wana haki ya kuchukua hadi 45. Juu ya hizo, ongeza muda wa kusubiri miadi ya kupeleka makaratasi na kuchukuliwa alama za vidole, ambao majira ya kiangazi unaweza kuwa mrefu kuliko uchunguzi wenyewe. Kama mji wako hauna kituo, hesabu na nauli ya kwenda kwenye kituo. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na aliye chini ya hapo halipi.

Makaratasi: pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, yenye kurasa mbili tupu na inayobaki hai angalau miezi mitatu baada ya kutoka Ulaya, kadi ya kijani ambayo haikaribii kuisha, barua ya mwajiri, taarifa za benki, hoteli, ndege, na bima ya afya ya safari ya angalau euro 30,000. Juu ya haya weka uthibitisho wa kununua gari na tarehe ya kukabidhiwa. Karatasi hiyo ina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Afisa wa viza anataka kujua jambo moja kuhusu sisi, nalo ni kama tutarudi. Mtu aliyelipia gari litakaloteremshwa Marekani baada ya yeye kurejea ameshajibu swali hilo bila hotuba.

Maombi yangu yalirudishwa mara ya kwanza kwa kosa la siku moja. Bima yangu ya afya ilimalizika tarehe 21, ndege ya kurudi ilikuwa asubuhi ya tarehe 22. Yule dada wa dirishani aliweka kidole kwenye tarehe moja, kisha kwenye nyingine, akanisukumia bahasha. Nilipoteza miadi na siku kumi na moja. Kwa hiyo chukua kalamu, andika tarehe ya kuingia na ya kutoka kwenye karatasi moja, kisha linganisha hoteli, ndege, bima na fomu, moja baada ya nyingine. Bima iongezee siku mbili kila upande.

Viza ya kuingia mara moja inatosha kama hutatoka nje ya Schengen. Sweden, Denmark, Norway na Ujerumani zote zimo. Norway iko nje ya Umoja wa Ulaya lakini ndani ya Schengen, kwa hiyo kuvuka na kurudi hakuhesabiwi kuwa kutoka. Uingereza haimo, usiiweke kwenye njia yako bila kuangalia masharti yake. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuwachukua wageni wote wasio wa Ulaya picha na alama za vidole kwenye mfumo mpya, na hapo raia wa Marekani naye anasimama foleni moja na wewe. Acha saa za kutosha kama una ndege ya kuunganisha.

Ushauri wangu kuhusu mpangilio ni huu: mwambie muuzaji kwamba tarehe utakayochagua ni ya kuombea viza, na akuandikie masharti ya kuisogeza au kurejeshewa fedha viza ikikataliwa. Asipokubali kuliandika hilo, tafuta yadi nyingine.

Leseni, kadi na vitu vya kufunga kwenye begi

Leseni ya Marekani inatosha Sweden, lakini beba na leseni ya kimataifa, ambayo kule Marekani hutolewa na AAA, chama cha wenye magari. Baadhi ya nchi za kusini zaidi, kama Austria na Italia, zinaitaka.

Benki yako ikupe namba ya siri ya kadi. Hili nalisisitiza kwa sababu lilinikwamisha njiani. Tulikuwa karibu na Uddevalla, saa tano usiku, mbingu bado ina mwanga wa buluu kama saa kumi na mbili na nusu ya kwetu, maana ilikuwa Juni. Sheli ilikuwa haina mtu, pampu nne na mashine moja ya kadi. Nikachomeka kadi yangu ya mkopo, mashine ikadai namba ya siri, nami sikuwahi kupewa. Kadi ya pili, hivyo hivyo. Kilichotuokoa ni kadi ya kawaida ya benki ya mke wangu, ile ya kutolea fedha. Noti hazikusaidii pia: Sweden ni nchi ambayo hata kikombe cha kahawa watu hulipa kwa kadi au simu, na kuna maduka yanayokataa fedha taslimu kabisa.

Kama una mtoto, kiti chake cha gari ulichonunua Marekani hakina alama ya kibali cha Ulaya. Omba ukodishiwe cha kule. Mtoto aliye chini ya sentimita 135 lazima awe na kiti chake au cha kumwinua.

Kama umenunua gari la mseto lenye plagi, fahamu kwamba tundu lake la kuchaji ni la Marekani, na nguzo za umeme za Ulaya zina plagi ya aina nyingine. Kwenye safari hii utaliendesha kwa petroli. Pakua ramani kwenye simu kabla hujaondoka, usitegemee skrini ya gari peke yake.

Siku ya kukabidhiwa

Fika Göteborg siku moja kabla. Usikubali kupokea gari siku uliyotua. Umevuka bahari usiku kucha, mwili unasema saa tisa usiku, na unakwenda kuendesha mali ya mamilioni ya shilingi kwenye mji wenye tramu. Kutoka uwanja wa Landvetter hadi mjini ni kama kilomita 25. Oga, tembea, kula. Anayetaka chakula cha halali kinachofanana na cha kwetu apande tramu hadi vitongoji vya kaskazini-mashariki kama Hjällbo, waliko Wasomali wengi. Utapata wali na nyama, na ukibahatika, mtu wa kuzungumza naye Kiswahili.

Siku hiyo ya kwanza inafaa pia kwa World of Volvo, jengo la mbao la mviringo lililofunguliwa Aprili 2024 jirani na bustani ya michezo ya Liseberg. Mle ndani kuna magari tangu lile la kwanza kabisa, lililotoka kiwandani 14 Aprili 1927. Mimi nilisimama muda mrefu mbele ya mkanda wa usalama. Ule mkanda wa pointi tatu tunaoufunga kila siku ulibuniwa na mhandisi wa Volvo, Nils Bohlin, ukawekwa kwenye magari mwaka 1959, na kampuni ikauachia wengine wautumie. Nimezika watu wawili waliokufa barabarani bila mkanda. Siwezi kupita mbele ya kitu kile kama ninapita mbele ya dirisha la duka.

Kesho yake ni gari. Chumba kina taa kali, gari limeng'arishwa, na mwenyeji wako ana haraka ya upole ya kukuonyesha skrini na kamera. Msikilize, lakini kazi yako mwenyewe ianze kabla ya yake. Linganisha namba ya chesisi iliyo chini ya kioo cha mbele na ile iliyo kwenye makaratasi, tarakimu kwa tarakimu. Inama kwenye kila rimu na tochi ya simu. Pitisha kiganja kwenye kingo za milango na bampa. Kisha omba gari litolewe nje, ulizunguke tena kwenye mwanga wa jua, maana taa za ndani huficha mikwaruzo myembamba. Hakikisha funguo ni mbili, na kibao cha pembe tatu kimo. Ukielekea Norway au Ujerumani uwe na kizibao cha kung'aa pia, na Ujerumani wanadai sanduku la huduma ya kwanza. Kitu chochote utakachokiona kiandikwe kabla hujasaini, na upige picha.

Namba za muda ni nyekundu zenye maandishi meupe, na zina tarehe ya mwisho. Ilinganishe tarehe hiyo na siku utakayolirudisha gari. Soma karatasi ya bima uone nchi zilizotajwa na kiasi utakachobeba mwenyewe gari likigongwa. Kama safari yako inavuka siku za bima, lipia nyongeza hapo hapo.

Mwisho, badilisha dashibodi isome kilomita badala ya maili. Usiondoke pale bila kufanya hivyo.

Barabarani

Ukiwa umeshazoea Marekani, upande wa kuendesha haukusumbui. Kwa aliyekulia Tanzania au Kenya, kuna habari ya kufurahisha: Sweden nayo ilikuwa ikiendesha kushoto kama sisi, hadi 3 Septemba 1967, siku nchi nzima ilipohamia kulia alfajiri moja.

Tramu za Göteborg ndizo zitakazokufundisha adabu. Tramu ina haki ya njia, haikwepi na haisimami haraka. Usisimame juu ya reli hata kwa sekunde ukisubiri taa. Kwenye makutano yasiyo na alama, anayetoka kulia kwako anapita kwanza, hata kama njia yake ni kichochoro. Kwenye kipilefti mpishe aliyemo. Taa za gari ziwake mchana na usiku, ni sheria.

Pombe: kiwango Sweden na Norway ni 0.2 kwa elfu, yaani 0.02% kwa kipimo cha Marekani, ambacho bia moja inaweza kukifikia. Kwa maneno mengine, usinywe kabisa siku unayoendesha.

Mwendo wa Sweden ni 50 mjini isipoandikwa vingine, 70 nje ya mji, na 110 au 120 kwenye barabara kuu. Kamera hutanguliwa na kibao cha kukutaarifu, kwa hiyo ukipigwa faini ni wewe hukusoma. Norway wako chini zaidi, 80 kwenye barabara nyingi, na faini zao zinauma. Kuingia katikati ya Göteborg siku za kazi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi jioni kuna tozo inayosomwa na kamera kwenye namba za gari. Jumamosi, Jumapili na mwezi mzima wa Julai haitozwi. Daraja la Øresund, la kwenda Denmark, na barabara nyingi za Norway nazo zina tozo. Uliza siku ya kukabidhiwa bili za namba yako ya muda zitatumwa wapi.

Vibao vyenye picha ya mnyama mwenye pembe pana usivipuuze. Yule ni älg, ukubwa wake kama pofu, na miguu ni mirefu kiasi kwamba gari likimgonga mwili wake unaingia kwenye kioo cha mbele. Hutoka alfajiri na jioni, kwenye misitu inayogusa barabara. Ukimgonga, hata akikimbia, sheria inakutaka upige 112 na uweke alama pale ulipomgonga ili wawindaji wamfuate asife polepole kwa maumivu.

Injini, breki na matairi yote ni mapya. Kilomita 1,000 za mwanzo usikanyage mafuta hadi mwisho, usishikilie mwendo mmoja kwa saa nzima, na breki za ghafla ziwe za dharura tu. Hii ndiyo sababu sipendekezi kwenda moja kwa moja Ujerumani kujaribu mwendo wa autobahn.

Uende wapi

Kosa ninaloliona kwenye mipango ya wengi ni kutaka nchi sita kwa siku kumi. Utaishia kuiona Ulaya kupitia kioo. Siku kumi zinatosha nchi mbili, na mimi ningechagua kaskazini.

Kabla hujaenda mbali, siku ya kwanza ya gari ipeleke Hönö. Unatoka mjini kuelekea magharibi hadi Lilla Varholmen, ambako utakuta pantoni ya njano. Ni ya serikali, ni sehemu ya barabara, na hulipi kitu. Mke wangu alishika pochi mkononi muda wote akisubiri mtu wa tiketi. Ni kama dakika 12 tu za maji, magari yamebanana bampa kwa bampa, upepo una chumvi, na ukiteremsha kioo unasikia minyororo ya mlango wa mbele ikilegea kabla ya kufika. Nilifumba macho nikawa Magogoni navuka kwenda Kigamboni. Upande wa pili kuna vijiji vya wavuvi, samaki wa kukaushwa kwa moshi, na barabara nyembamba tulivu zinazofaa kabisa kuzoea upana wa gari lako jipya.

Kisha panda pwani ya Bohuslän: Smögen, Fjällbacka, mawe ya rangi ya waridi yanayoteremka baharini. Tanum ina michoro iliyochongwa kwenye miamba na watu wa zama za shaba, na imo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1994. Aliyefika Kondoa atajikuta analinganisha. Ya Kondoa imechorwa kwa rangi, hii imechongwa, na hawa walipenda kuchora vyombo vya majini kama sisi tulivyopenda twiga. Ukiendelea unavuka Svinesund na kuingia Norway. Göteborg hadi Oslo ni kama kilomita 290 kwa jumla.

Anayependa kusini ashuke Varberg, Helsingborg, Malmö, avuke Øresund kwa daraja la karibu kilomita nane linaloishia kwenye kisiwa cha kutengenezwa na kuzama kwenye handaki chini ya bahari, atokee Copenhagen. Kuna pia meli ya kwenda Frederikshavn, Denmark, mwendo wa kama saa tatu na nusu, na nyingine ya usiku kucha hadi Kiel, Ujerumani. Ukipanda meli ya usiku chukua kila unachohitaji, maana sehemu ya magari hufungwa safari nzima.

Kulirudisha

Lipeleke Göteborg hata kama unaruhusiwa kuliacha mji mwingine. Vituo vya mbali mara nyingi huwa na ada yake, na pale Göteborg gari linasubiri meli siku chache kuliko kwingine. Jipe siku nzima ya kazi kabla ya ndege yako. Jumamosi na sikukuu za Sweden ofisi hufungwa.

Lioshe, hasa chini. Forodha ya Marekani haitaki udongo wa nchi nyingine, na gari lenye matope kwenye matao ya matairi linaweza kuzuiliwa. Tangi libakize robo au chini yake. Ndani usiache kitu chako hata kimoja. Ile zawadi ya shangazi uliyoiweka kwenye buti inahesabika kuwa mzigo usiotajwa, na hakuna atakayeibebea dhamana.

Piga picha pande nne, paa, kila rimu, kioo cha mbele, na dashibodi ikionyesha kilomita. Zunguka na mpokeaji, kila mkwaruzo mliouona uandikwe na asaini mbele yako. Fomu za forodha na za viwango vya hewa na usalama kampuni huziandaa, kazi yako ni kuzisoma jina na namba ya chesisi kabla ya kusaini. Jina kwenye pasipoti na jina kwenye hati ya gari yafanane, herufi kwa herufi. Sisi tuliosajiliwa majina matatu nyumbani na mawili Marekani tunaumia sana hapa.

Hesabu miezi miwili hadi mitatu hadi gari liingie yadini kwako. Likifika, usiende jioni. Nenda mchana, na zile picha ziwe kwenye simu. Anza na kilomita: zilizoongezeka ziwe chache tu, za kuliingiza na kulitoa melini. Kisha zungukia rimu zile zile, kwa mpangilio ule ule. Kilicho tofauti na picha kiandikwe kwenye karatasi ya kupokelea siku hiyo hiyo, kabla ya sahihi yako, maana ukishalitoa nje ya geti la yadi mkwaruzo huo ni wako.